Kipande Chako Kipumzike

Kwako Yohana, mwanangu unayenizidi umri,

Najua utacheka ukifika kwenye neno "mwanangu", na huenda ukawasomea wenzako kwenye lori ili nao wacheke. Sawa, chekeni. Lakini aliyenituma ni mama yako. Mchana alipokuwa anakukaangia karanga za njiani nilimuuliza kama anataka nimwandikie barua ya kukuaga, kwa kuwa yeye na kalamu hawajawahi kupatana. Akasema, "Ya kwangu nitamwambia kwa mdomo. Blanketi, chai, asilale na nguo mbichi, hayo ni yangu. Wewe andika ya kwako. Kwani wewe si mama yake?"

Nikamwambia, "Dada, nitamwandikia nini mtu aliyenifundisha kupanda punda?"

Akajibu bila kuinua macho kwenye kikaango, "Mwandikie yale mnayonong'ona shambani. Mnadhani siwasikii. Nawasikia mnavyonyamaza nikitokea."

Basi nimekaa nyuma ya nyumba, upande wenye kivuli cha kichanja, daftari langu la jiografia likiwa juu ya magoti. Upepo unaleta vumbi na kila nikiandika mstari nalazimika kuupuliza. Mvua bado. Kutoka hapa nasikia jembe lako. Umerudi kutoka gulioni na begi jipya, ukalitupa mlangoni, ukaenda shambani moja kwa moja bila hata kunywa maji. Unalima kipande ambacho kesho asubuhi unakiacha. Mtu mwingine angekuona ungemshangaza. Mimi sishangai. Najua unachokiogopa, na nimeamua kuandika juu ya hofu hiyo, kwa sababu nayo ni yangu, na imetuchosha sote.

Nianze na mimi na wewe. Mama yako ni mtoto wa kwanza wa Babu yako, mimi ni wa mwisho, na katikati yetu wamepita wengi. Siku nilipozaliwa wewe ulikuwa tayari unakimbiza kuku. Wanasema uliletwa kuniona, Babu yako akakuambia, "Huyu ni mama yako mdogo, msalimie," ukanitazama nilivyofungwa kwenye kitenge, ukakataa, ukalia mpaka ukatolewa nje. Ulipokua ukalipenda neno hilo kupita kiasi. Kila ukinikuta mashineni na wenzako, unainama mpaka mikono inagusa magoti: "Shikamoo, mamdogo!" Wenzako wanaanguka kwa kicheko, na mimi najificha nyuma ya debe la mtama. Sidhani kama kuna mtu amewahi kuisikia marahaba yangu. Huwa naisema, ila kwa ndani.

Shuleni niko vilevile. Mwaka huu mwalimu wa jiografia alitufundisha habari za ongezeko la watu. Aliandika ubaoni kwamba watu wakizidi ardhi inakuwa haba, na ardhi ikiwa haba mavuno yanashuka. Tukanakili. Nilitaka kunyoosha mkono. Nilitaka kusema, mwalimu, ni kweli kwetu tuko wengi, lakini siku ya palizi huwa tuko wachache. Hilo nalo linaandikwa wapi? Mkono haukunyooka. Nikaliandika pembeni mwa daftari kwa penseli, na sasa liko hapa, juu kidogo ya maneno haya.

Kwenye sufuria tuko wengi, kwenye palizi tuko wachache. Nimeizungusha sentensi hiyo kichwani mwaka mzima, nikitembea kwenda shule na kurudi, na bado sijaona kosa ndani yake.

Unalifahamu shamba letu kuliko mimi, lakini acha nilieleze, kwa sababu nikieleza ndipo naelewa. Babu yako alirithi shamba zima, kuanzia kwenye kichuguu kikubwa hadi korongoni. Watoto walipokua akaligawa. Udongo wa korongoni ni mzuri, wa kichuguuni ni mwekundu na mkavu, na hakutaka mtu apate kizuri peke yake na mwingine apate kibaya peke yake. Kwa hiyo akaligawa kwa urefu. Kila mtu akapata mkanda unaoanzia juu kwenye ukavu na kuishia chini kwenye unyevu. Alitenda haki kabisa. Lakini haki hiyo ndiyo iliyotuachia vipande vyembamba kiasi kwamba ukirusha mbegu kwa mkono mpana, nusu inaota kwa ndugu yako.

Na wewe alikupa. Hilo halikuwa jambo dogo. Baba yako hakuleta ng'ombe hata mmoja, mama yako akarudi nyumbani na wewe mgongoni, na kwa desturi zetu mtoto wa namna hiyo anakula nyumbani kwa babu yake bila kuuliza chake kiko wapi. Babu yako akakupimia mkanda kati ya mikanda ya wanawe. Siku ile hakuna aliyepinga. Hata mjomba wako Elia, kaka yangu, alishika kamba upande mmoja wakati wa kupima. Hakuna aliyepinga, ila pia hakuna aliyesahau.

Ndiyo maana hujawahi kukiacha kipande chako hata msimu mmoja. Na si wewe peke yako. Sisi sote hatuachi. Shamba lisilo na alama ya jembe ni kama kigoda ambacho mwenyewe ameinuka: mwingine anakalia, ukirudi anakuuliza, "Kwani ulikuwa unakaa?" Basi kila mwaka mawingu yakianza kujikusanya upande wa Kondoa, tunatoka wote na kuberega. Tunakwangua juu juu, nyasi zikatike, ardhi ionekane imeguswa, mbegu zidondoke, twende mbele. Tunaberega mpaka kwenye mawe ya kichuguuni ambako hata panya hapati kitu. Si kwamba tunategemea kuvuna pale. Tunaweka alama tu, kwamba hapa pana mtu.

Halafu mvua inanyesha, na magugu yanaota kila mahali tulipokwangua. Mikono haitoshi kuyafuata. Kumbuka mwezi wa pili unavyokuwa. Kilindo cha kuhifadhia nafaka kimebaki vumbi tu chini. Mama yako anachukua jembe na kuvuka barabara kwenda kupalilia alizeti ya watu ili apate debe la mahindi, na wewe unamfuata kwa sababu debe moja halitoshi. Mjomba wako na vijana wake wanakwenda kwingine, kwa shida ileile. Mimi niko shuleni. Babu yako na miguu yake mibovu yuko barazani anayatazama magugu yanavyopanda. Magugu ya watu tunayang'oa kwa wakati wake, na ya kwetu yanatufika kiunoni. Tukivuna kidogo tunasema ardhi imekuwa ndogo, na mwaka unaofuata tunakwangua mpaka ukingoni mwa njia, ili iwe kubwa.

Mwanangu, nimechoka kuliona hilo. Nimeliona tangu nikiwa mdogo wa kubeba kibuyu cha maji tu, na nimechoka.

Babu yako husema zamani haikuwa hivi. Mtu alipika pombe ya mtama, akatuma habari, na asubuhi watu wakatokea na majembe yao. Shamba likapaliliwa kwa siku moja kwa nyimbo, kesho likafuata la jirani. Ukubwa wa shamba la mtu ulikuwa ukubwa wa ujirani wake. Mama yako aliamini kwamba inawezekana bado. Unaukumbuka mwaka ule alipojinyima mtama akapika? Watu walikuja, hakuna aliyekataa. Lakini wengi walikuja mikono mitupu, na yule mzee wa ng'ambo ya korongo akasema kwa sauti ya huzuni, "Mama Yohana, mpini wa jembe langu umevunjika, ila koo langu ni zima, namshukuru Mungu." Wakalima mistari michache karibu na mtungi, na kadiri mtungi ulivyopungua ndivyo walivyokumbuka kwamba na wao wana magugu nyumbani. Mama yako alicheka siku ile. Usiku wake alilala bila kula, na tangu hapo hajapika tena. Mimi siwalaumu wale watu. Kila mmoja alikuwa na mkanda wake unaomsubiri, na kila mmoja aliogopa kuuacha kwa siku moja.

Sasa niseme la kwangu. Wewe hujawahi kunilaumu hata kidogo, na kwa sababu hiyo limeniganda.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikuta kijitabu kwenye kabati la shule, kimeliwa na mchwa pembeni, kinaeleza jinsi ya kulima mahali pasipo na mvua ya kutosha. Chimba mashimo wakati wa kiangazi, weka samadi, panda humo humo, maji yatakaa. Nilikisoma mpaka nikakijua kwa moyo. Nikakuletea wewe, kwa sababu ndiye mtu pekee ninayeweza kumweleza jambo bila sauti kukauka. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukauliza, "Na aliyeandika anaishi kwenye udongo gani?" Nikasema kama wetu. Kesho yake ukaanza kuchimba. Mwezi wa tisa, ardhi ngumu kama sakafu. Mikono ikatoka malengelenge, yakapasuka, ukafunga vitambaa ukaendelea. Mara moja tu uliniita ukaniambia, "Mamdogo, kitabu chako kimesahau kutaja mawe."

Na mvua ilipokuja, mashimo yalishika maji kweli. Uwele wako ulitoka wa kijani kilichokolea, mpaka watu waliokuwa wakipita walisimama. Mjomba Elia alikuja akazunguka, mikono nyuma. Mimi nilitembea wiki nzima kama mtu aliyeshinda mtihani.

Kisha ukaja mwezi wa pili. Kilindo, debe, alizeti za watu. Nikitoka shule jioni napita pale nang'oa magugu mpaka giza, lakini mtu mmoja anayepalilia jioni ni kama anayefagia wakati wa upepo. Na magugu yale hayakuwa ya kawaida. Nayo yalikuwa yamepata shimo, samadi na maji. Mwishoni tulivuna kitu ambacho mama yako alikibeba kichwani peke yake.

Nilikuwa nimefikiria mvua, samadi na nafasi kati ya shimo na shimo. Mikono sikuifikiria. Kitabu kilikuwa na picha ya mtu mmoja amesimama katika shamba safi, na sikujiuliza ni nani aliyelisafisha. Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni kwamba siku ulizokuwa unachimba mashimo pale chini, jioni ulikuwa bado unapanda juu kichuguuni kuberega sehemu yote iliyobaki. Nilikuona. Nilijua kwamba nguvu inayokwenda kule juu ndiyo itakayokosekana kwenye palizi. Nilitaka kukuambia uache kule juu, kuwe pori. Sikusema, kwa sababu hata mimi niliogopa. Tulifuata kitabu kwa mkono mmoja na kwa mwingine tukafuata hofu yetu ya siku zote, na jembe lilikuwa moja.

Halafu kiduha. Nilipokuwa mdogo nilikipenda kile kiua cha zambarau kinachoota katikati ya mtama. Nilikuwa nakichuma namchomeka mama yako kwenye nywele, naye ananiacha. Siku moja Babu yako akamwona, akasema, "Toa hiyo. Unajipamba kwa njaa." Sikuelewa. Sasa najua kwamba kiduha kinashika mzizi wa mtama chini kwa chini na kunyonya, na kwamba kinapenda udongo uliochoka. Mwaka jana kipande chako kilipendeza kuliko vyote. Ukisimama kwenye kichuguu ukatazama chini, kilikuwa cha zambarau hadi korongoni.

Baada ya mavuno yale ndipo ulipoanza kuizungumzia Kiteto. Vijana waliokwenda wakasimulia, udongo mweusi, mashamba ambayo mwisho wake hauonekani, tajiri anayewachukua watu kwa lori kabla ya mvua na kuwaonyesha pori la kusafisha wakimaliza kazi yake. Sikukukataza na sikukatazi. Ukiondoka, kuna sahani moja imepungua, na mama yako anajua hivyo hata kama hasemi. Pia kuna mikono miwili imepungua, na hilo analijua zaidi. Nimejaribu kulipima usiku na mchana na mizani haitulii.

Ila nikuambie jambo moja ambalo sikulitoa kitabuni. Utakapofika utaona upana, na upana ndio uliotudanganya sisi. Babu wa babu yako naye alikuta pori hapa. Wakikuonyesha pori na kukuambia chukua unachoweza kusafisha, usichukue hicho. Kusafisha mtu mmoja anaweza kusafisha hadi upeo wa macho. Chukua kile ambacho mikono yako itaweza kukirudia mara ya pili, magugu yakishaota na njaa ikishaanza. Na uulize kwanza, kwa upole, pori hilo ni la nani. Mahali ambapo wewe utaita pori huenda kuna mtu aliyelelewa akiita malisho, na ng'ombe wake wanapafahamu.

Basi. Nimefika kwenye habari yenyewe.

Leo asubuhi ulipokuwa gulioni, mjomba Elia alikuja. Hakuja kwa shari. Alikaa barazani na Babu yako, mama yako akatoka jikoni akasimama mlangoni, mimi nikatumwa maji ya kunywa. Elia akanywa, akafuta midomo, akasema, "Baba, kijana anaondoka. Sina ugomvi naye, ni mtoto wetu. Lakini kile kipande kitakaa hivihivi, na mimi nina vijana wanne. Nitawapanda wapi, kichwani?"

Mama yako akasema, "Mwanangu hajafa. Anakwenda kibarua."

"Dada, wote walikwenda kibarua. Nani amerudi kulima? Mimi nitakitunza tu. Akirudi nampa."

"Kama ulivyomtunza jogoo wangu."

"Yule jogoo alikufa kwa ugonjwa!"

"Ndiyo. Ugonjwa wa sufuria."

Babu yako akacheka mpaka akakohoa, na Elia mwenyewe akacheka, kwa sababu ni kweli. Lakini kicheko kilipokwisha jambo lilikuwa palepale. Nilimtazama Elia, na sikuona mtu mbaya. Niliona mtu ambaye mkanda wake utakapogawanywa kwa wanne utakuwa njia ya miguu. Anakwangua kama sisi, anaogopa kama sisi, na amechoka kuliko sisi.

Nilikuwa nimeshika kata ya maji. Nikasema, "Kisiguswe."

Hakuna aliyesikia. Mama yako tu ndiye aliyegeuka. Nikasema tena, na sauti ikapasuka kama ya kuku mchanga, lakini ikatoka. "Kisiguswe na mtu yeyote. Hata Yohana angekuwepo, asikiguse. Kimechoka. Kilale, nyasi ziote, kiduha kikose mtama wa kunyonya. Na sisi tuliobaki tusiberege tena huko juu. Tulime cha dada peke yake, sehemu ya chini tu, tukirudie palizi mara mbili. Hatuna mikono ya vyote. Hatujawahi kuwa nayo."

Elia akanitazama kama vile kata ndiyo iliyosema. "Shamba lilale? Mdogo wangu, shamba likilala linaota mwenyewe mpya. Nani atakayesimama kusema hiki ni cha Yohana?"

"Mimi."

"Wewe nani? Hata sare ya shule hujavua."

Kata ikaniinamia mkononi, maji yakanimwagikia mguuni. Ndipo Babu yako akasema, taratibu, "Elia. Yohana humwita nani huyu?"

"Mama mdogo. Lakini baba, ule ni utani. Wanacheza."

"Utani? Mimi ndiye niliyemwambia amwite hivyo, kabla huyu hajaota meno. Mtoto akisafiri, kilicho chake kinakaa kwa mama yake. Dada yako Yunisi ana kipande chake cha kuangalia. Cha Yohana kiko kwa mama yake mdogo."

Kisha Babu yako akaendelea, maana unajua hatoi kitu kizima, "Lakini Elia naye ana watoto, na njaa haijui utani. Kilale mvua mbili. Mvua ya tatu ikinyesha na Yohana hajashika jembe pale, wala hajaleta neno, vijana wa Elia waingie. Debora, umekubali?"

Nilikubali, Yohana. Nisamehe kama ningepaswa kubishana. Niliona kwamba ni haki, na nimeshakuambia haki ya Babu yako ilivyo: inamfikia kila mtu, na haimtoshi mtu.

Elia aliinuka akakung'uta suruali. Nilidhani amekasirika. Akasimama kidogo, akasema huku akitazama pembeni, "Pasipo na ukuta ng'ombe wataingia. Nitakata minyaa kule kwangu nije tuipande mpakani, kabla mvua haijaanza." Kisha akanigeukia. "Mama mdogo mwenyewe ndiye atakayenishikia kamba." Akaondoka akicheka peke yake.

Sasa unajua. Kuanzia msimu huu kipande chako kitapumzika na bado kitakuwa chako. Sijui kama mvua mbili zinatosha. Nimesoma kwamba mbegu za kiduha zinaweza kukaa udongoni muda mrefu kuliko uvumilivu wa watu. Huenda nimekosea tena, na safari hii mbele ya watu. Lakini ninapendelea kukosea kwa kukiacha kuliko kukosea kwa kukikwangua.

Na ile mvua ya tatu usiifanye kamba shingoni. Kama utapata huko mahali unapoweza kupatunza kwa mikono yako, kaa, leta neno, vijana wa Elia waingie kwenye udongo uliopumzika, na hiyo nayo itakuwa kazi yako. Kama hutapata, rudi. Usirudi kwa aibu ya kuona umeshindwa, na usirudi kwa hofu ya kunyang'anywa. Rudi kama mtu anayelirudia shamba mara ya pili, kwa palizi.

Nilitaka kuandika mengine. Nilitaka kukuambia jinsi nyumba itakavyokuwa bila kelele zako, lakini nikiandika hilo mama yako ataona macho yangu wakati wa chakula.

Jua limefika kwenye kichuguu na jembe lako bado linalia. Sasa uko kule juu, kwenye mawe, nasikia chuma kinavyogonga. Nilikuwa nimepanga uisome barua hii kesho ukiwa njiani, na ndivyo itakavyokuwa, nitaikunja niitie kwenye begi chini ya karanga. Lakini nimekaa hapa nakuandikia habari unayoihitaji jioni hii, wakati wewe unajichosha kwa ajili ya alama ambayo haihitajiki tena. Huo ndio ujinga wangu wa siku zote, na leo asubuhi nimegundua kuwa si lazima. Naiweka kalamu. Napanda kule juu kukupokonya jembe na kukuambia kwa mdomo wangu.

Na kesho, lori likisimama barabarani na watu wote wakitazama, inama kama unavyopenda, unisalimie kwa sauti yako yote. Nitaitikia, na hata dereva atasikia.

Mama yako mdogo,
Debora